Minazi Mitatu Isiyokuwa Yetu

Tulipoinunua nyumba ya mtaa wa Bofu tulinunua kila kitu isipokuwa minazi mitatu. Iliandikwa hivyo kwenye karatasi ya mauziano, chini ya vipimo vya ploti: minazi mitatu iliyo uani ni ya dada yao wauzaji, pamoja na haki yake ya kuingia kuitunza na kuiangua. Mume wangu aliisoma akacheka. Yeye huendesha foklifti bandarini, na kazi hiyo imemfundisha kwamba mzigo usiobebeka leo si wa kuumiza kichwa leo. "Minazi mitatu ni kitu gani?" akasema, akatia sahihi. Nami nikatia.

Sina kisingizio cha ujinga. Nimezaliwa Kisauni, na kwetu hata mtoto mdogo ajua kwamba ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Shamba laweza kuwa la fulani, nyumba iliyo juu yake ikawa ya mwingine, na mnazi ulio mlangoni ukawa wa mtu wa tatu anayekaa mtaa wa pili. Aliyepanda ndiye mwenyewe, na akifa ni wa warithi wake. Watu wa bara wakinunua ploti huku kwetu, kisha asubuhi moja wamkute mtu juu ya mnazi anaangua nazi, hupiga kelele za mwizi. Mimi hayo yote niliyajua. Nisiyemjua ni huyo mwenye minazi.

Alikuwa bibi wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikaa Timbwani kwa mwanawe, na kila baada ya miezi mitatu alikuja na mkwezi wake kuangua. Hodi yake niliichukia tangu siku ya kwanza. Aliipiga mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya geti. "Hodi!" na ndara zake zimeshafika mlango wa jikoni. Nikijibu "karibu" huwa naujibu mgongo wake, kwa maana ameshanipita, yuko chini ya minazi yake anatazama juu.

Mimi ni fundi wa nguo na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Mkwezi akishapanda, bibi alijivutia kigoda akakaa karibu nami, akaanza ukaguzi. Uzi huu mwembamba. Rangi hii ya ukuta ni ya hospitali. Kisima mmekifunika kwa nini, na babangu alikichimba kwa mikono yake? Chumba walicholala binti zangu wawili ndicho alichozaliwa yeye, na hakuna ziara iliyopita bila kunikumbusha. Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya urithi. Baba yao alipofariki, kaka zake wawili waliitaka ardhi na nyumba. Yeye akaambiwa achague kimoja: kipande kidogo cha nyuma, au minazi. Akachagua minazi.

"Niliwacheka, mwanangu," alikuwa akisema. "Ardhi yafanya nini? Yakaa tu. Mnazi wanipa kila miezi mitatu. Nimesomesha watoto wanne kwa nazi hizi. Na wao wako wapi? Wameuza, wamekula, wamemaliza. Mimi ningali naja kuangua."

Na kweli alikuja, miaka sita. Kila akimaliza aliniachia nazi mbili kwenye ngazi ya baraza. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi ziliniuma, kwa sababu alizitoa kama mwenye nyumba anayemtunza mpangaji wake.

Kisha akaja chonga. Ni mdudu mweusi mwenye pembe puani, hazidi kidole gumba, na hutoboa mnazi kileleni pale makuti machanga yanapochipuka. Mnazi una moyo mmoja tu, ukiliwa basi. Mti wa kwanza ulianza kutoa makuti yaliyokatwa pembeni kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi, kisha ukaacha kutoa chochote. Wa pili ulifuata mwaka ule ule. Wa tatu, uliokuwa mrefu kuliko yote na umeinamia upande wa nyumba, ulidondosha kilele chake chote adhuhuri moja ya upepo. Tukabaki na nguzo tatu zisizo na vichwa.

Bibi alipokuja alisimama chini ya ule mrefu, akaweka kiganja juu ya gome.

"Haujafa huu," akasema. "Umepumzika. Ngoja mvua."

Nikamwonyesha ulivyoinama. Nikamwambia masika yakiingia utalala juu ya mabati, na chini ya mabati wamelala binti zangu. Akanijibu kwamba mnazi aliopanda babake hauwezi kukiangukia chumba alichozaliwa yeye. Mwenyezi Mungu alinipa vidole vyepesi akanipunguzia subira, na siku ile hata ile kidogo niliyo nayo ilikwisha. Sikubishana naye. Niliingia ndani nikaamua peke yangu.

Hapa nataka kusema ukweli wote, maana nusu yake nimeshawahi kuwasimulia watu na ikanifanya nionekane mtu mwema. Niliwahofia binti zangu, hilo kweli tupu. Kila mawingu yalipokusanyika niliwahamishia chumbani kwetu. Lakini lilikuwapo na la pili. Karatasi ilimpa bibi haki ya kuingia kutunza minazi. Minazi ikiondoka, haki ingeondoka nayo, na hodi ya mguu ndani ingekwisha. Mume wangu alikuwa ameshaupima ua kwa hatua zake, akaona vyumba viwili vya kupangisha. Tungekuwa na ploti ya peke yetu, isiyo na nyayo za mtu mwingine. Nililitaka hilo, na nililitaka sana.

Nilianza na mkwezi yule yule wa bibi, kwa kuwa ndiye niliyemjua. Alikuja, akaugonga mti kwa bapa la panga lake, akatikisa kichwa.

"Mnazi mfu haukwewi, mama." Akanionyesha vidato, zile ngazi ndogo zilizochongwa kwenye shina tangu enzi za baba yake bibi. Alikibonyeza kimoja kwa kidole kikabomoka kama mkate mkavu. "Tafuta wenye kamba na vyuma. Mimi nina watoto."

Nikamwomba asimwambie bibi kwamba nimemwita. Akaitikia, akaenda. Nilipaswa kufahamu kwamba mtu aliyekula miaka yote kwa mnazi wa mtu hawezi kumfichia mwenye mnazi habari zake.

Baada yake wakaja wanaume wawili niliowapata barabarani, wana msumeno wa injini na nguvu nyingi. Walitaka kuikata minazi kwa chini, mara moja, wamalize kabla ya chakula cha mchana. Nikawauliza itaangukia wapi. Kushoto kuna nyumba ya jirani, kulia kuna madrasa, nyuma kuna tangi letu la maji. Wakageukageuka, wakatazama, kisha mkubwa wao akasema, "Itaanguka tu, mama. Mungu mkubwa." Mungu ni mkubwa, lakini mabati ya madrasa ni membamba. Niliwapa maji ya kunywa wakaenda zao.

Mwisho mteja wangu mmoja akanielekeza kwa kampuni ndogo ya Changamwe inayoondoa miti kwenye maghala na makanisani. Msimamizi wao alikuja kwanza kutazama. Alikuwa mtu wa bara aliyekaa Mombasa miaka mingi, mtaratibu, helmeti kwapani, daftari mkononi. Alizunguka kila mti mara mbili. Alikuwa na nyundo ya mbao, akawa anaigonga minazi kuanzia kwenye mizizi hadi pale mkono wake unapofika, sikio limeegemea shina, vile mtu anavyochagua tikiti sokoni. Miwili, akasema, bado ni migumu ndani. Ule ulioinama umeoza kiunoni.

"Huyu tutamfunga kamba tatu, pande tatu," akaniambia. Miti yote aliiita "huyu" kama watu. "Halafu ngazi za vipande, moja juu ya ingine, tunazifunga kwa mti. Kijana anapanda, anakata kutoka juu, futi tatu tatu. Hakuna kipande itaanguka yenyewe, mama. Kila kitu inashuka na kamba."

Nikampenda kwa hilo. Katika watu wote niliozungumza nao, ndiye pekee aliyeniambia vitu vitashukaje badala ya kuniambia nisiogope.

Kibali cha kaunti angekitafuta mwenyewe, ila palikuwa na fomu ya kujaza. Mtaa, idadi ya miti, sababu ya kukata, kisha mstari mmoja ulioandikwa "mwenye miti", na nafasi ya sahihi.

"Hii miti ni yako?"

"Si iko kwangu?"

"Sijauliza iko wapi. Nimeuliza ni ya nani." Alikuwa amekishika kifuniko cha kalamu bila kukifungua. "Hapa pwani nimesimamishwa kazi katikati mara nyingi, mama. Mtu anatokea, anasema huo mti ni wa nyanya yangu."

"Ni yangu," nikasema. Akaifungua kalamu akanipa, nami nikaandika jina langu kwa herufi nzuri, kama ninavyoandika kwenye daftari la wateja.

Siku nayo niliichagua mimi, Jumamosi ambayo bibi angekuwa Kwale kwenye harusi ya mjukuu wake. Najua mtu atauliza nilijuaje tarehe ya harusi yake. Niliijua kwa sababu gauni la bibi la kuvaa harusini nililishona mimi. Satini ya kijani, mikono mirefu, pindo la kushona kwa mkono. Alikuja na kitambaa kipya, akanipa tarehe, akanisisitizia nisimcheleweshe. Nilimpa nguo yake siku nne kabla. Sijawahi kumaliza kazi ya mtu mapema namna ile.

Mafundi walichelewa kwa sababu ya foleni ya feri, lakini walipofika walifanya kazi kama watu wanaojua wanachokifanya. Walikuwa sita. Walizungusha utepe mwekundu uani, wakanihamisha mimi na cherehani yangu hadi mlangoni, wakawaomba walimu wa madrasa wawatoe watoto upande ule. Ngazi zilipanda kipande baada ya kipande, kila kimoja kimefungwa mkanda kwenye shina, na fundi wa juu akapanda akiwa amevaa mikanda ya kiunoni na mapajani. Msumeno ulilia kidogo, ukanyamaza, gogo likaning'inia kwenye kamba, likashuka taratibu mpaka mikononi mwa wawili waliokuwa wakilingoja. Kisha tena. Vumbi la mnazi lilitanda juu ya kila kitu, la kahawia, laini, likaingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa. Majirani walikuja ukutani kutazama. Kabla ya saa sita miwili ilikuwa imelala chini kwa vipande, na mimi nilikuwa na furaha niliyokuwa nikiificha kwa kukunja uso.

Wa tatu waliufunga kamba zao tatu: moja kwenye mwarobaini wa jirani, moja kwenye nguzo ya geti, moja kwenye pikapu yao. Fundi akapanda. Alikuwa amekwisha kushusha vipande vitatu niliposikia hodi.

Ilikuwa ile ile, mguu ndani. Bibi alisimama ndani ya geti amevaa satini yangu ya kijani, buibui limeteleza mabegani, hina mbichi mikononi, ananukia udi katikati ya harufu ya petroli. Mkwezi alikuwa amepita barabarani asubuhi, akaiona pikapu na ngazi, akampigia simu. Naye akaiacha harusi ya mjukuu wake, akapanda gari la kwanza alilolipata.

"Simamisheni!" akasema.

Msimamizi aliinua mkono, msumeno ukazimwa. Nilisikia utulivu ule mpaka ndani ya meno. Akamwendea bibi, akamsalimu kwa heshima, akamuuliza kuna nini. Bibi alikuwa akivitazama vile visiki viwili vyeupe. Msimamizi akaenda kwenye pikapu akarudi na fomu yangu kwenye ubao wake.

"Mama, mimi niko na karatasi hapa. Mwenye miti amesaini, ni huyu mama wa nyumba. Kama mwenye miti ni mtu mwingine, sisi tunashuka saa hii, tunafunga vitu, tunaenda. Na aliyesaini atanieleza mbele ya chifu." Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo. "Sasa niambie. Hii miti ni yako ama ni yake?"

Majirani wote walikuwa ukutani. Walimu wa madrasa walikuwa ukutani. Fundi wa juu alikuwa amekumbatia gogo akingoja kuambiwa ashuke au akate. Bibi akanigeukia, akanitazama, nami nikatazama chini. Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na tisa, mke wa mtu, mama wa watu, na nilitamani ardhi ile ile niliyokuwa naipigania inimeze.

"Ni yake," bibi akasema. "Mimi ni mtu wa kupita. Nimekuja kumwamkia tu."

Msimamizi akamtazama. Nadhani hakuamini, lakini alikuwa ameuliza na akajibiwa.

"Endeleeni na kazi, wanangu," bibi akasema. "Msije mkaacha gogo juu ya chumba cha watoto."

Njia ya mwongo ni fupi, nimelisikia hilo tangu utotoni. Hakuna aliyenifundisha la kufanya pale mwishoni mwake ukimkuta uliyemdhulumu amekushikia nguo ya kujifunika. Kwetu kumsitiri mtu mbele za watu ni jambo kubwa kuliko kumsamehe. Kusamehe waweza kusamehe kwa mdomo, ukarudi kwako na kila kitu chako. Yeye ilimgharimu minazi yake. Alipotamka lile neno mbele ya mashahidi wote wale, alinipa urithi wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Alijivutia kigoda akakaa barazani mpaka mti wa tatu ulipokwisha. Hakusema uzi mwembamba, hakusema rangi ya hospitali. Nilimletea maji akanywa. Mafundi walikata kisiki cha mwisho sawa na ardhi, wakafagia, wakapakia vifaa vyao, msimamizi akanipa nakala ya fomu na kuniaga. Majirani wakatawanyika. Hapo ndipo bibi akasimama, akakung'uta vumbi la mnazi kwenye satini.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Ningekuja mwenyewe nikawaambia kateni."

"Ulisema haujafa."

"Nilisema. Mtu husema." Akavuta buibui lake. "Gauni limenikaa. Kule harusini wote wameniuliza fundi ni nani."

Akaondoka. Nilikwenda chooni nikalia huko, kwa sababu nyumba yetu ina vyumba vichache na binti zangu walikuwa humo ndani.

Ua ulikuwa mweupe baada ya hapo. Jua lilipiga hadi barazani, nikalazimika kuning'iniza shuka juu ya cherehani. Mume wangu alirudi akapima tena kwa hatua zake, akasema vyumba viwili na choo. Nilimwambia kazi ilikwenda vizuri. Binti zangu walirudi kulala chumbani kwao, mvua ikaja, mabati yakalia, na hakuna kilichowaangukia. Kwa hilo sijuti hata leo. Ijumaa iliyofuata nilipika pilau, nikajaza bakuli la kioo, nikamtuma binti yangu mkubwa alipeleke Timbwani. La kuvunda halina ubani, na nadhani hata viungo vyangu havikulisaidia. Binti aliniambia bibi ameshukuru. Nikamuuliza amesema nini tena, akasema basi, ameshukuru.

Mwezi wa kuangua ulipofika nilijikuta natega sikio. Ulipita.

Asubuhi moja baada ya hapo nilikuwa uani nyuma, naanika nguo, nikasikia hodi ya mbali. Nikadhani ni kwa jirani. Ikaja ya pili, na mimi nina shuka mikononi na vibanio mdomoni. Ilipokuja ya tatu nikatoka. Hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu wajiendea zako, hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo wote. Getini hapakuwa na mtu. Nilichungulia nje nikauona mgongo mfupi umeshafika kwenye ukuta wa madrasa.

"Bi mkubwa!"

Akageuka, akarudi polepole, akasimama nje ya geti. Geti lilikuwa wazi, na alisimama nje.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani hamko."

"Ingia."

"Nimeleta bakuli lako tu." Akalitoa kwenye mkoba. Ndani yake mlikuwa na nazi mbili. "Chombo hakirudi kitupu. Za sokoni hizo. Maisha yangu nimeuza nazi. Kununua, hizi ndizo za kwanza."

Sijui kama alilisema kunichoma au alilisema kwa kuwa ni kweli. Nililipokea bakuli, na kwa miaka sita nilikuwa nimeomba mwanamke huyu ajifunze kusimama nje ya geti, na sasa amesimama, na sikuweza kumtazama pale alipo.

"Panda mwingine," nikamwambia.

"Wapi?"

"Hapa kwangu. Uani."

Alinitazama kwa lile jicho lake la kukagua mishono. "Mwenzio ajua?"

"Nitamwambia."

"Hiyo 'nitamwambia' siitaki," akasema. "Mwambie kwanza, kisha niite. Na fomu safari hii niisome mwenyewe."

Mume wangu nilimwambia jioni ile wakati wa kula. Aliweka kijiko chini. Miaka sita, akasema, tumekaa na minazi ya watu, imekufa yenyewe, tumeiondoa kwa taabu, na wewe wataka mwenyewe apande mwingine tena? Vyumba je? Ndipo nikamweleza la fomu, na gauni, na yale maneno ya bibi mbele ya ukuta mzima wa majirani. Hakuwa akilijua hata moja. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema si katikati, pembeni karibu na geti, na usiwe karibu na mabati hata ukirefuka vipi. Akaitoa ile karatasi ya mauziano kabatini, akanipa niandike, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Chini ya mstari wa minazi mitatu niliandika: na mnazi mmoja.

Bibi alikuja na mche kutoka kwa mwanawe, nazi iliyochipua majani mawili. Mume wangu alichimba shimo. Bibi akatia kiganja cha chumvi ndani yake kama alivyofanya babake, akapiga bismillahi, akaukalisha mche kwa mikono yake mwenyewe na kuushindilia udongo kwa nyayo. Sikumsaidia, ili pasiwe na shaka.

"Utazaa baada ya miaka sita, saba," mume wangu akasema, kwa kuwa hajui lini anyamaze.

"Inshallah," akasema bibi. "Nami hesabu naijua."

Jumatano iliyofuata nilikuwa nashona. "Hodi!" na ndara zimeshafika mlango wa jikoni. Kamba yangu ya nguo, akasema, imepita juu ya mche wake, na maji ya sabuni yataudhuru. Na tena ni nani aliyefunga fundo baya namna ile? Nilikasirika, kama ilivyo ada yangu. Kisha nikainuka nikaihamisha kamba.